Mifuko ya Shimo la Saba

"Jembe! Gari jeupe limevunja kizuizi cha pili. Lizuie!" Mkuu alifoka redioni.

Jembe akakanyaga mafuta. Pikipiki yake ya Honda ikaruka kifusi, ikatua kwenye lami mbichi, mkia ukiyumba.

Saa tano na nusu asubuhi.

Wiki mbili jasusi huyu alijificha kati ya wachimbaji wa mambo ya kale, akichekecha udongo kando ya barabara inayopanuliwa. Wakubwa wake walitaka genge la magendo. Mtafiti mkuu, mama wa makamo waliyemwita Shangazi, alitaka jambo moja tu: kumthibitishia mhandisi, kabla ya saa sita, kwamba chini ya kilima kile palikuwa na mji. Akithibitisha, barabara inakwepa. Akishindwa, matingatinga yanaingia.

Na ushahidi wote, mifuko arobaini ya shimo la saba, ulikuwa umeibwa na genge hilo, uko ndani ya ile Land Cruiser nyeupe.

Bastola ya Glock. Risasi moja.

Tairi likapasuka. Gari likaserereka mpaka mtaroni.

"Kaka, mimi nimetumwa tu, haki ya Mungu!" dereva alilia.

"Hata mimi nimetumwa. Lala chini."

Pingu zikalia. Redio nayo haikumpa nafasi ya kupumua.

"Jembe, shanga za dhahabu zipo? Zilikuwa kumi na mbili. Thibitisha sasa hivi!"

Akatandaza turubai. Akafungua mifuko, akaimwaga yote chapuchapu, huku upepo wa malori ukipeperusha vikaratasi vilivyokuwa ndani.

"Kumi na mbili, Mkuu. Zote zipo."

"Wewe kiboko!"

Shangazi akafika mbio, anahema, simu mkononi. Alipoona turubai, akachuchumaa kando yake.

"Mwanangu, umemwaga?"

"Hakijapotea kitu, Shangazi."

Shangazi akaokota kigae cha chungu. "Hiki kimetoka tabaka gani? Na hiki? Kipi cha juu, kipi cha chini?"

Jembe akageuka kutazama barabarani. Loo! Vikaratasi vile aliviandika yeye mwenyewe, kila siku, kwa mkono wake: shimo, tabaka, kina. Aliandika ili aonekane mchimbaji. Hakuwahi kujiuliza vina kazi gani.

"Daftari la kumbukumbu za shimo wezi wamelichoma leo alfajiri," Shangazi alisema. "Tulibaki na vikaratasi hivyo tu. Bila kujua tabaka, hivi ni vigae tu, si ushahidi wa mji."

"Turudi tukachimbe upya."

"Tuchimbe nini, baba? Shimo tumeshalimaliza. Udongo ukishatoka, umetoka."

Jembe akaingia kati ya malori, akikimbiza karatasi kama mwendawazimu. Alirudi na tisa. Hakuna aliyejua ni za mifuko gani.

Simu ikaita. "Mama, saa sita hiyo," mhandisi alisema. "Unacho cha kunionyesha?"

Shangazi akakirudisha kigae juu ya turubai.

"Sina."

Ng'ambo ya kilima, injini zikanguruma kwa pamoja. Jembe alitaka kuomba radhi, lakini mama yule alikuwa ameshampa mgongo, anakusanya vigae kimoja kimoja na kuvipangusa kwa upindo wa shati.

Gari la kikosi la kumchukua Jembe likasimama. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatembea bila haraka, akaketi kiti cha mbele. Roho ilikuwa inamuuma vibaya.

"Vipi, bosi?" dereva wa kikosi alichangamka. "Nasikia umewakomesha!"

"Nimewakomesha," alisema Jembe. "Endesha."