Sura Alizomsomea Quincy

Ukunda siku ya Jumamosi haina adabu. Bodaboda wanapiga honi mpaka mlangoni mwa duka, wauza mitumba wanamwaga nguo chini, na katikati ya rabsha hiyo Hanifa hutandaza meza yake ya vitabu vilivyoachwa na watalii kwenye hoteli za Diani. Vingi ni vya Kijerumani, vimevimba kwa maji ya bwawa la kuogelea, na wateja wake ni wa kuwatafuta kwa tochi. Ndiyo maana Hanifa alishangaa kuona mikono miwili imekamata kitabu kimoja.

Mkono wa kwanza ulikuwa na hina. Ulikuwa wa Mwanarusi, mwalimu wa Kijerumani katika chuo kidogo cha wahudumu wa hoteli, binti wa Kinondo, buibui jeusi na mtandio wa rangi ya ndimu. Wa pili ulikuwa wa Quincy, mhudumu wa baa aliyetoka Busia kutafuta riziki pwani, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama.

"Mimi ndiye niliyekishika kwanza," Quincy alisema.

"Umekishika juu chini," Mwanarusi akamjibu. "Jina la kitabu liko upande huu, bwana."

Kijana alicheka, na kicheko chake, wacha niseme ukweli, kilikuwa kizuri. Laiti angekuwa na meno mabovu, tungeepukana na mengi.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha pili katika mfululizo wa hadithi za mabaharia. Merikebu inasafiri katika bahari ambayo upepo wake hununuliwa kwa kumbukumbu: nahodha akitaka tanga lijae, sharti asahau kitu. Cha kwanza walikuwa wamekisoma wote wawili. Mwanarusi alikisoma chuoni kwa siku chache. Quincy alikisoma kwa kamusi na jasho, nakala ambayo, alivyosema, aliachiwa na mgeni hotelini. Mgeni gani, hakusema. Wakakubaliana kukisoma cha pili pamoja.

Basi ikawa kila mapumziko ya mchana wako kwenye kibanda cha maji ya miwa nyuma ya soko. Mwanarusi anasoma kwa Kijerumani, anafafanua kwa Kiswahili, Quincy anarudia. Akikosea, anachapwa mgongoni mwa mkono kwa ncha ya mtandio. Quincy alimwita Mwalimu, kisha Mwalimu wangu, na walipofika sura ya tano ualimu ulikuwa umekwisha, limebaki laazizi tupu. Usiku walipigiana simu mpaka betri zikalia. Quincy alimuuliza amevaa nini, Mwanarusi akamwambia amevaa kanga ya bibi yake na mafuta ya nazi kichwani, na mwanamume akaapa hajasikia vazi zuri kuliko hilo.

Katika sura ya saba baharia mmoja anausahau uso wa mkewe ili merikebu itoke kwenye shwari. Quincy alimwonea huruma baharia. Mwanarusi hakumwonea.

"Anayesahau hapati taabu," alisema. "Taabu ni ya yule aliyesahauliwa, maana yeye hakuulizwa kama upepo unahitajika."

Quincy alimwomba aseme maneno hayo hayo kwa Kijerumani, polepole, arekodi kwenye simu ajifunze matamshi. Kila walipomaliza sura aliomba hivyo: laazizi, wewe umeionaje, sema kwa Kijerumani. Mwanarusi aliona huo ndio upendo. Mwanamume anayetaka kuibeba sauti yako aende nayo kazini! Aliwasimulia hata walimu wenzake, masikini.

Kitabu kilipokaribia kwisha, Quincy alisema ataleta posa. Atasilimu, hilo halina neno, na atakwenda Busia kuwachukua wazee wake wafike Kinondo Jumapili. Mwanarusi alikuwa na miaka thelathini na moja, na Kinondo mtu wa umri huo huulizwa harusi hata msibani. Alimwambia mama yake, Bi Biasha. Mama akawaambia mashangazi, na mashangazi hawana kifuniko. Kufikia Jumatano kijiji kizima kilijua kwamba Mwanarusi anaposwa Jumapili.

Alhamisi Quincy alipiga simu. Alisema yuko garini, amepita Nairobi, mtandao mbaya, anampenda.

Ijumaa asubuhi mkuu wa chuo alimwita Mwanarusi ofisini. Afisi ya msajili wa ndoa Kwale ilihitaji mkalimani wa Kijerumani kwa haraka. Yule wa kawaida alikuwa mgonjwa. Bibi harusi ni Mjerumani asiyejua Kiswahili, na Kiingereza chake cha kuombea chumvi. Bwana harusi ni mtu wa hotelini. Mwanarusi alikwenda kwa furaha, akisema moyoni ataona harusi za wenzake zinavyokwenda.

Alimkuta Quincy amekaa kwenye benchi.

Alikuwa na suti ya rangi ya maziwa na ua kifuani. Kando yake, bibi wa Kijerumani mwenye nywele fupi za mvi, gauni la buluu na viatu vya kutembelea, akamwinukia Mwanarusi na kumpa mkono kwa uchangamfu. Jina lake Heike. Quincy uso ulimgeuka majivu.  Mwanarusi miguu ilimwambia toka, hasira ikamwambia kaa umtazame anavyotoka jasho. Akakaa.

Msajili, Bi Concepta, hakuwa na muda wa nyuso za watu. Alimwapisha mkalimani papo hapo: atafasiri kila litakalosemwa baina ya wawili hawa, bila kuongeza, bila kupunguza. Mwanarusi akaapa. Bi Concepta akatoka kuwamalizia waliotangulia, akawaacha watatu chumbani.

Heike alikuwa na furaha ya kumpata mtu wa kuongea naye. Akamsimulia Mwanarusi kwamba alimjua Quincy mwaka jana, likizoni, na alipoondoka alimwachia kitabu. Cha pili wamekisoma pamoja, yeye kule, Quincy huku, na baada ya kila sura Quincy alimtumia ujumbe wa sauti. Ndizo sauti zilizomfanya akubali kuolewa tena.

"Kuna siku aliniambia anayesahau hapati taabu, taabu ni ya aliyesahauliwa," Heike alisema. "Nililia. Muulize, nani alimfundisha kukisoma kitabu namna ile?"

Mwanarusi alifasiri. Neno kwa neno, macho ukutani.

"Mwambie nilisoma peke yangu," Quincy alisema.

"Anasema alisoma peke yake."

Hapo angenyamaza, mjinga yule, angeokoka. Lakini Quincy alimwona Mwanarusi ametulia akadhani amelainika. Akainama mbele, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya usiku, huku akimtabasamia Heike asishtuke:

"Laazizi, hii ni karatasi tu. Nisikilize. Miaka miwili, nipate makaratasi yangu kule, kisha namwacha huyu mama narudi kukuoa. Wewe ndiye wangu. Huyu wa nini?"

"Anasema nini?" Heike akauliza.

Kiapo ni kiapo. Mwanarusi alifasiri yote: karatasi, miaka miwili, kuachwa, kuolewa, huyu wa nini. Aliyatamka kwa Kijerumani safi cha darasani, hakuongeza hata pumzi. Moyo ulimpiga, na usimlaumu, ulimpiga kwa raha. Alingoja kofi. Alingoja yule mama achukue mkoba wake aondoke na tiketi zake za ndege.

Heike hakuugusa mkoba.

"Mwambie nilijua," alisema. "Sauti ilikuwa yake, maneno hayakuwa yake. Nilijua kuna mwanamke. Nina miaka sitini na mbili, na nyumbani naongea na redio. Miaka miwili inanitosha. Baadaye wewe unaweza kumchukua."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayempisha mwenzake kwenye foleni.

Mwanarusi ilimbidi ayarudishe hayo kwa Kiswahili, kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka hilo la kumchukua. Alipomaliza aliona mabega ya Quincy yakishuka. Ni nafuu ile! Hakuona haya, hakuinamisha kichwa. Alifurahi.

"Si umeona?" Quincy alisema. "Hata yeye amekubali. Kila mtu atapata chake. Utanisubiri, eh?"

Bi Concepta akaingia na mhuri. Aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, na Mwanarusi akalifasiri swali hilo polepole, Quincy akimkodolea macho. Pingamizi lilikuwa limejaa kinywani mwake, ila alishaona kwamba hapana wa kulipokea. Alifasiri "nakubali" ya Quincy, akafasiri "nakubali" ya yule mama, akatia sahihi palipoandikwa mkalimani.

Walipoinuka, Quincy alimsogelea akanong'ona tena: utanisubiri?

Mwanarusi alimjibu kwa Kijerumani, kwa upole wa kumwambia mtu asiyemjua. Alisema hatamsubiri hata dakika moja, na kwamba yeye si mtu wa kungojea makombo ya mezani kwa mwenziwe. Heike alisikia, akashughulika na kifungo cha mkoba wake.

"Umesema nini?" Quincy akauliza. Kijerumani kile hakikuwamo kwenye simu yake.

"Kazi yangu imekwisha," Mwanarusi alisema. "Muulize mkeo."

Hakulia mpaka alipofika Kinondo. Bi Biasha alikuwa ameazima mikeka na masinia ya pilau kwa majirani, nyumba nane, na vyote vilikuwa vimepangwa barazani vinangoja Jumapili. Mwanarusi alimwambia mama yake kwamba hakuna mgeni atakayekuja, na mama akaanza kutenga masinia ya kila nyumba. Halafu Mwanarusi alijitwika mikeka akaanza kuirudisha, nyumba kwa nyumba, saa kumi alasiri, wanawake wakiwa wametoka vibarazani wanasukana. Kila mlango aliulizwa posa imeahirishwa mpaka lini, na kila mlango alijibu kwamba haikuahirishwa, haipo tena.