Picha Zilizorudishwa

Ijumaa ile soko la samaki la mji wa Groningen, Uholanzi, lilifurika watu kama kawaida yake. Hiske alikuwa anapenya katikati ya vibanda, kavaa koti la mvua la manjano na buti fupi nyekundu, kwapani kabana mkoba mpana wa michoro. Mbele yake kijana mmoja mrefu alikuwa anakula samaki wa chumvi aliyenyunyiziwa vitunguu, kwa kumning'iniza mkiani, kichwa kakiinua juu. Kijana akarudi nyuma bila kutazama, akamkanyaga mguu, na vitunguu vyake vyote vikamwagikia ule mkoba.

"Samahani! Nimekuumiza?"

"Mguu ninao mwingine. Mkoba ninao huu tu."

"Ngoja niufute."

"Kwa mkono huo unaonuka samaki? Hapana, asante."

Kijana akacheka, na Hiske akajikuta anacheka naye. Alikuwa na ndevu nyekundu na sweta iliyochakaa viwiko. "Umebeba nini humo, hata unaulinda hivyo?"

"Ndege wa pwani. Nimewachora kwa ajili ya tovuti mpya ya maktaba ya watoto."

Kijana akaacha kutafuna. "Usiniambie wewe ndiye Hiske."

"Nani kakwambia jina langu?"

"Mimi Roelf. Hiyo tovuti naijenga mimi. Hao ndege unatakiwa uniletee mimi."

"Ndiyo umeanza kwa kuwamwagia vitunguu?"

Wakaagana hivyo, kila mmoja akitabasamu peke yake njiani.

Wiki iliyofuata Hiske alijifungia chumbani kwake akaandaa faili. Alizipitisha picha kwenye skana moja baada ya nyingine, akafuta vumbi lililojitokeza kama vidoa, akaondoa weupe wa karatasi nyuma ya kila ndege ili asimame mwenyewe kwenye ukurasa. Zilikuwepo pia video fupi zinazoonyesha brashi ikimchora ndege, na chini yake mlio wa ndege huyohuyo. Milio hiyo aliirekodi baba yake, Mzee Douwe, mjane aliyeishi peke yake kwenye kisiwa cha Schiermonnikoog. Asubuhi nyingi za baridi mzee huyo mwenye maradhi ya moyo alikaa kwenye tope la pwani na kinasa sauti, na yote ni kwa sababu binti yake alimwomba.

Hiske akazituma faili zote Jumanne. Hata chai haijapoa, simu ikalia.

"Bibie, ndege wako wamenenepa mno," alisema Roelf. "Hawapiti mlangoni. Wapunguze uzito."

Akazipunguza ukubwa zile faili, akatuma tena. Kesho yake simu ikalia.

"Sasa wamekonda, kingo zina ukungu. Huyu mwenye mdomo mrefu anaonekana kama ameota mvi."

"Mvi nitaota mimi kwa ajili yako!"

Akarekebisha, akatuma. Alhamisi lalamiko likawa bluu imegeuka kijani.

"Wewe mtu hukosi sababu," Hiske akasema.

"Nikikosa, nitakupigia kwa kisingizio gani?"

Hiske akacheka akajitupa kitandani na simu sikioni. Alidhani ni utani. Wakaongea mpaka betri ikaisha, habari za faili wakaziacha kando mapema kabisa.

Jioni hiyohiyo alipigiwa simu na Antje, jirani wa baba yake. Mzee alikuwa hoi tangu Jumapili, daktari anakuja kila siku, na mara kwa mara anamtaja Hiske. Hiske akampigia baba yake. Sauti ya mzee ilitoka kama mtu aliye chini ya blanketi.

"Maliza kwanza kazi yako, mwanangu. Mimi nitakwenda wapi?"

"Kesho ninavuka, baba. Meli ya alasiri."

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea kazi. Asubuhi Hiske akatuma kila kitu upya, akafunga begi, akaliweka mlangoni. Adhuhuri, Hiske tayari kavaa koti, Roelf akapiga.

"Sauti za video zinakwaruza. Zote inabidi zirudiwe leo, la sivyo maktaba itazitupa."

"Roelf, leo nilitaka kuvuka niende kwa baba."

"Kwani kisiwa kinahama? Vuka kesho. Nitakuja nikusaidie, na supu ya njegere nikuletee."

"Hizo sauti alizirekodi yeye."

"Basi tuzitendee haki."

Hiske hakumwambia kwamba baba ni mgonjwa. Aliona aibu kuonekana mtu wa visingizio mbele ya mwanaume aliyeanza kumpenda. Akavua koti.

Roelf akaja na sufuria kaifunga kwa taulo. Wakakaa bega kwa bega mbele ya kompyuta, wakasafisha mlio mmoja mmoja, wakatuma kazi, na walipomaliza wakabusiana sauti ya ndege wa mwisho ikiendelea kujirudia kwenye spika.

Kesho yake Hiske alikuwa juu ya meli, midomo bado ina joto la usiku ule, Antje alipopiga simu. Mzee Douwe alikata roho alfajiri.

"Alikuwa anauliza meli inafika saa ngapi," alisema Antje huku analia.

Kwenye mazishi mvua ilinyesha. Roelf alikuja na suti ya kuazima, akabeba jeneza pamoja na wanaume wa kisiwani. Watu walipoondoka, Hiske akapiga magoti kwenye majani.

"Nisamehe, baba," akasema kwa sauti. "Ningekuwa mwepesi wa kazi ningekuwahi. Nilizembea, nikarudiarudia vitu vya kitoto. Nisamehe."

Roelf alisimama nyuma yake, kamshikia mwavuli.

Wakapendana. Hiske akahamia kwa Roelf, kwenye nyumba yenye madirisha makubwa kando ya mfereji. Tovuti ilisifiwa, watoto wakaipenda, kazi zikaanza kumjia Hiske kutoka miji mingine. Nyingi alizikataa. Tangu Ijumaa ile hakuiamini tena mikono yake. Picha moja aliweza kuikagua wiki nzima, akaifuta, akaanza upya, kisha asiitume kabisa.

"Usijitese, mpenzi," Roelf alimwambia, akimkanda mabega.

"Wewe unajua nilivyo mzembe. Ulizirudisha ngapi?"

"Hayo yamepita," alisema Roelf, na kila mara alipata jambo la kwenda kufanya jikoni.

Mwaka ukapita na nusu yake. Ikafika siku ya kuzaliwa ya mama yake Roelf, Bi Grietje. Viti vilipangwa duara sebuleni, kila mgeni akaingia akiwapongeza wote mmoja mmoja, kama ilivyo desturi ya huko: hongera ya mama, hongera ya shangazi, hongera ya jirani. Kila mtu akapewa kipande chake kimoja cha keki. Hiske alivaa gauni la kijani alilonunuliwa na Roelf. Roelf alikuwa hatulii, mara anagusa mfuko wa koti, mara anafuta jasho.

"Mwanangu ana jambo la kusema leo," alitangaza Bi Grietje, mashavu yakiwa mekundu kwa furaha. "Lakini kwanza niwaambieni alivyompata huyu binti."

"Mama, inatosha," alisema Roelf.

"Inatosha nini? Hata sijaanza! Sikieni. Alinipigia simu wiki ileile. Mama, ananiambia, kuna msichana ananitumia picha, nzuri ajabu, hazina kasoro tangu siku ya kwanza. Na mimi nazirudisha! Leo nasema nzito, kesho nasema zina ukungu, ili mradi nisikie sauti yake. Mpaka siku ya mwisho kamrudishia, ili apate sababu ya kwenda kwake na sufuria yangu ya supu!"

Duara zima likaangua kicheko. Shangazi mmoja akapiga makofi. "Haya, simama sasa, mwanangu," alisema Bi Grietje. "Mwonyeshe pete."

Roelf akasimama, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama. Uso wake ulikuwa mweupe kama sahani ya keki aliyoishika. Hiske hakumwangalia usoni. Aliangalia mkono ukitoka mfukoni na kile kikasha kidogo.

"Milio ya baba ilikuwa inakwaruza?" akauliza.

"Hiske, twende nje tuongee."

"Jibu hapahapa. Ilikuwa inakwaruza?"

"Haikuwa na tatizo."

Hiske akaweka kipande chake cha keki chini, taratibu, asije akamwaga makombo. Akamgeukia Bi Grietje. "Ijumaa ile ya supu, mama, baba yangu alikuwa anakufa, ananisubiri. Hongera kwa siku yako ya kuzaliwa." Akachukua koti lake akatoka.

Akahamia kisiwani, nyumbani kwa baba yake. Roelf alipiga simu, akaandika, akatuma maua yaliyofika yamenyauka kwa upepo wa baharini. Masika yalipoanza akaja mwenyewe. Hiske alimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango, amekonda, ndevu hazijachongwa. Alimpikia chai. Moyo wake ulikuwa unamdunda vilevile kama sokoni, na hilo lilimkasirisha kuliko yote.

"Sikujua kwamba anaumwa," alisema Roelf. "Naapa. Ningejua ningekuvusha mwenyewe."

"Naamini."

"Kwa hiyo..."

"Uongo wa wiki ile nimeshausamehe, Roelf. Ulikuwa uongo wa mtu anayependa. Siku zile mbili tatu za upuuzi nisingeachana na wewe kwa ajili yake."

"Basi ni nini, mpenzi? Niambie nikirekebishe."

"Kaburini ulijua?"

Roelf akainamisha kichwa. "Nilijua."

"Uliniacha niombe msamaha wa kosa lako. Ukanishikia na mwavuli. Kisha ukaniacha niendelee kuomba, mwaka na nusu, mezani kwako, kitandani kwako, kila ninapofuta picha."

"Niliogopa ungeondoka."

"Na nimeondoka."

Alilia, mtu mzima yule, paji la uso juu ya meza ya Mzee Douwe. Hiske akamshika nywele, akazichezea kwa vidole mpaka akanyamaza, kwa sababu alikuwa bado anampenda na hakuona haja ya kuficha. Halafu akamletea koti lake na kumsindikiza gatini.

"Nikupigie simu?" Roelf aliuliza, mguu mmoja kwenye daraja la meli.

"Piga."

Uso wake ukachangamka.

"Sitapokea," alisema Hiske. "Lakini piga."

Akapiga jioni ile, akapiga na ya pili, akapiga masika yote na kiangazi. Hiske aliiweka simu mezani mbele yake, akaiangalia inavyotetemeka mpaka ikanyamaza, kisha akarudi kwenye brashi zake. Mwanzoni mwa vuli ikafika jioni ambayo simu haikulia. Alingoja. Aliinyanyua akakagua kama ina chaji, akairudisha mezani, na chai yake ikapoa bila kuonjwa.