Koti la Bwana Misitu

Dada aliniomba jambo dogo sana: nikamtembeze mbwa.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Nilikuwa nimetoka zamu hospitalini, ambako kazi yangu ni cherehani. Nashona mashuka yaliyochanika, narudishia vifungo kwenye makoti ya madaktari, napunguza mapazia ya wodini. Mgongo uliniuma, na nilichotaka ni kuvua viatu nilale. Lakini dada yangu alikuwa ameacha kuomba chochote kwa mtu yeyote, kwa hiyo alipoomba, nilikwenda.

Mumewe alikuwa bwana misitu. Aliulinda msitu unaozunguka maziwa matatu nyuma ya mji, la Juu, la Kati na la Chini, na kila jioni aliyazunguka kwa miguu na mbwa wake. Mbwa mweusi, miguu minne myeupe, tukamwita Soksi. Miezi minane kabla ya siku ile walitoka wawili, akarudi Soksi peke yake, amelowa mpaka masikioni. Wapiga mbizi walitafuta siku tisa katika Ziwa la Kati. Walipata kofia.

Tangu hapo dada alikuwa mtu wa kukaa tu. Mama ndiye aliyekuwa akienda kwake kumlisha kwa kijiko, kama mtoto aliyeugua. Mimi nilikuwa nakwenda Jumapili, napiga deki, naongea peke yangu, narudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyokwenda.

Basi siku ile nilipofika nikamkuta ameoga, amechana nywele, anatabasamu. Nilitaka kukaa chini pale pale barazani nilie kwa furaha.

"Soksi ananenepa," alisema. "Mzungushe kule maziwani, mdogo wangu. Mimi miguu haifiki."

"Jua limeshainama, dada. Kesho asubuhi je?"

"Usiku mzima atalia tena. Nenda tu, hutachelewa. Na uvae hili, kule kuna baridi."

Lilikuwa koti la shemeji, lile la kijani la kazini, zito, limefuliwa na kupigwa pasi. Alinivalisha mwenyewe. Akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kama alivyokuwa akinifunga sweta nilipokuwa darasa la kwanza.

"Ukifika Ziwa la Kati usilivue," alisema. "Upepo wa pale unaingia kifuani."

Nikamkumbatia. Nikasema moyoni, amerudi. Dada yangu amerudi.

Soksi ndiye aliyesumbua. Alinijua, alikuwa akinirukia kila Jumapili mpaka ananichafua. Siku ile alinusa koti, akarudi nyuma, akakojoa palepale kwenye kigae. Nilimvuta kamba mpaka getini. Akatembea, lakini mbali, mwisho kabisa wa kamba, akigeuka kila hatua kunitazama. Hakuwa akitazama uso wangu. Alikuwa akitazama kifua.

Ziwa la Juu lilikuwa na watu bado. Wavuvi wawili wa ndoano walikuwa wanakunja vitu vyao, tukasalimiana, mmoja akamsifia Soksi. Njia ikaingia kwenye miti. Nilifurahia hata ule ukimya, baada ya wiki nzima ya cherehani masikioni.

Halafu tukafika Ziwa la Kati.

Pale miti imesogea mpaka majini, na mwanga unaisha mapema kuliko mahali pengine. Vyura walikuwa wanalia. Tulipotokea tu, wakanyamaza. Wote. Kwa pamoja.

Ikaja harufu. Tope... na dawa ya viatu. Shemeji alikuwa mtu wa kung'arisha viatu hata vya kwenda porini, tulikuwa tukimtania kwamba anakwenda kuposa nyani.

Nilisimama.

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na mtu anatembea. Sikumwona, nilisikia majani makavu. Nikapiga hatua tatu. Naye tatu. Nikasimama. Kimya.

Kisha mluzi. Mfupi, halafu mrefu.

Ule ndio uliokuwa wa kumwita Soksi. Mbwa akisikia ule mluzi hata ungekuwa umemshika mkia angekukokota. Lakini siku ile hakwenda. Alilala chini, tumbo kwenye matope, manyoya ya shingo yamesimama, akatoa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama.

"Shemeji."

Ziwa zima lilikuwa kati yetu. Sauti ilitokea karibu na sikio langu la kushoto.

"Usigeuke," ilinong'ona. "Koti... umelivaa au umelibeba?"

Mdomo wangu ulijibu kabla sijaamua. "Nimelivaa."

"Vifungo vyote?"

"Vyote."

Ikashusha pumzi, ndefu, yenye maji ndani yake.

"Basi hakunidanganya. Alisema atatuma mtu wa kunishikia nafasi."

Sikuelewa. Nilijua tu kwamba miguu yangu ni ya baridi, na nilipoinama nikaona kwa nini. Nilikuwa ndani ya ziwa. Maji yalikuwa yamefika magotini, na sikukumbuka kuondoka njiani. Kamba ya Soksi ilikuwa imekazwa nyuma yangu kama waya. Alikuwa ameweka miguu yote minne kwenye mzizi, anavuta.

Nikapiga hatua nyingine mbele. Sikuipiga mimi.

Hapo Soksi akaja. Akaingia majini akaliuma koti ubavuni na kulirarua. Bitana ya ndani ikachanika, na vitu vikaning'inia nje.

Sasa mimi ni fundi. Hata nikiwa katika hali gani, macho yangu yanaanza na mshono. Bitana ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, uzi mweupe umekunjwa mara mbili, mishono imelalia kushoto. Dada yangu ni mashoto. Mshono ule nilimfundisha mimi, mezani kwangu, mwaka aliokuwa akijiandaa kuolewa.

Kilichoning'inia kilikuwa msuko wa nywele, umefungwa uzi mwekundu.

Nywele zangu. Jumapili iliyopita alikuwa amejitolea kunisuka, saa nne nzima nimekaa kati ya magoti yake, na nilikuwa nimeona ni muujiza. Pembeni ya msuko kulikuwa na utepe wa plastiki, mdogo, umekuwa wa njano, ule wanaofungwa vichanga mkononi wodi ya wazazi. Jina la mama. Tarehe niliyozaliwa.

Nikajaribu kufungua vifungo. Vilikuwa vimevimba, havipiti kwenye matundu. Kola ikaanza kunibana. Maji yalikuwa kiunoni, na ile sauti ilikuwa inanibembeleza sasa, taratibu, kama anayemlaza mtoto: "Haiumi, shemeji. Unazoea. Haiumi..."

Huwa navaa shingoni mkasi mdogo wa kukatia uzi, umefungwa kwa utepe, kwa sababu mezani unapotea. Niliupata chini ya kola. Nikakata kifungo cha kwanza. Cha pili. Vya mwisho nilivikata pamoja na kitambaa na ngozi yangu kidogo. Utepe wa kichanga nikaung'oa, sijui kwa nini huo tu, nao ukabaki kiganjani.

Koti likaanguka majini.

Halikuelea kama nguo inavyoelea. Lilisimama. Mikono yake ikajaa, mabega yakapanda, kola ikanyooka. Likageuka na kwenda polepole kuelekea katikati, likizama kidogo kidogo, kama mtu anayerudi mahali asipopapenda.

Sikuona kichwa. Nashukuru.

Tulikimbia, mimi na Soksi, tukapita wavuvi wale njiani bila kuwasalimu. Tulipofika kwa dada mwanga wa jioni ulikuwa haujaisha kabisa. Barazani niliona nyayo. Miguu mitupu, mikubwa, imelowa, imepanda ngazi moja baada ya nyingine na kuishia kwenye zulia la mlangoni. Zilikuwa zinaingia. Hakukuwa na za kutoka.

Dada alifungua kabla sijagonga. Alikuwa amejipaka wanja. Nyuma yake meza imeandaliwa, sahani mbili, glasi mbili. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, damu kifuani, matope, na uso wake ukaporomoka.

"Koti liko wapi?" aliuliza.

Hilo ndilo alilouliza.

"Dada, mimi ni ndugu yako."

"Najua," alisema, polepole. "Ndiyo maana ilikuwa vigumu." Akatazama zile nyayo kwenye ngazi. "Alikuwa ameshafika hapa mlangoni. Ameshafika kabisa..."

Akafunga mlango. Taratibu, bila hasira. Nikasikia anaondoa sahani moja mezani.

Sijaingia tena nyumba ile. Soksi nilimchukua, hakuna aliyemdai.

Asubuhi nilikwenda kwa mama. Nilimkuta jikoni anachambua maharage kwenye sinia. Nikauweka ule utepe mbele yake, kwa sababu tangu utotoni najua vitu vya aina ile vinakaa kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda chake, na ufunguo wa chumba kile anatembea nao.

"Aliuiba?" nilimuuliza. Nilitaka sana aseme ndiyo. Ningeamini.

Mama aliendelea kuchambua.

"Dada yako alikuwa anakufa mbele ya macho yangu," alisema. "Alipelekwa kwa mtu anayejua mambo hayo, akaambiwa panahitajika wa damu moja. Akasema hawezi. Alilia wiki mbili, anasema hawezi kumtaja mtu."

"Sasa?"

"Wewe una nguvu. Tangu mdogo ulikuwa na nguvu. Nilifikiri hata huko ungejimudu."

"Mama. Nani alinitaja?"

Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Ungekuwa na watoto wawili," alisema, "ungenielewa."

Nimehamia mji mwingine. Nimepata cherehani katika hospitali nyingine, na chumba chenye ua mdogo ambako Soksi anaota jua. Mama hunipigia kila Ijumaa jioni, na mimi hupokea, maana ni mama. Ananipa habari za majirani. Anasema dada anakula vizuri siku hizi. Halafu kila mara, kabla ya kuagana, sauti yake inashuka, inakuwa tamu, na ananiuliza nakaa mtaa gani.

Namwambia kazi ni nyingi. Namwambia tutaongea wiki ijayo.