Mikono ya Moureen

Wewe unayejifanya huogopi kitu, kaa karibu na mlango. Haya yalitokea Boito kwa jirani yetu, na anayebisha aende akaulize.

Asubuhi hiyo Rodah alisugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, akamimina maziwa. Mursik, maziwa yetu ya mgando, haina haraka, hukaa siku kadhaa ndipo inyweke. Akampa binti yake Moureen, wa darasa la pili, akiweke kwenye kona. Moureen akakikumbatia kama mdoli. Kabla ya chai ya saa nne kifuniko kiliruka chenyewe. Mursik tayari, nzito, inanukia.

Nyumba nzima ilicheka. Mumewe Kipkurui, mwanaume wa mdomo mrefu, alileta avokado ngumu kama mawe. Moureen akagusa, zikalainika. Kwenye kituo cha kuuza majani ya chai Kipkurui hakunyamaza.

"Nyinyi nunueni friji, mimi nina Moureen!"

Watu wakaja na mikungu ya ndizi mbichi. Rodah peke yake ndiye aliyemwona paka. Paka mdogo, wa juzi tu, alishuka mapajani mwa Moureen akichechemea, mdomo wote mvi.

"Baba Moureen," alinong'ona, "Moureen asimguse mtoto."

Mtoto ni Kipsang, mdogo wake Moureen, bado hata shingo haijakaza. Kabla yake Rodah alipoteza mimba tatu.

"Wacha uoga, mama. Analia usiku kucha, hatulali. Akikomaa kidogo si atatusaidia kuchuma majani?"

Rodah akaenda shambani, maana zamu ya kuchuma haingoji mtu. Kikapu hakijafika nusu, akasikia kilio cha mtoto kimekatika. Hakikufifia. Kilikatika.

Alikimbia.

Sebuleni Kipkurui alikuwa akicheka. Moureen amempakata Kipsang.

"Ona, ameota jino!"

Jino moja. Kisha manne. Kisha yakaanza kudondoka.

"Mchukue," Rodah alisema.

Kipkurui alimnyakua mtoto. Moureen, kwa woga, akang'ang'ania mkono wa baba yake.

"Baba, sijafanya kitu."

Ndani ya shali mtoto alikuwa mdogo vilevile. Alikohoa. Kikohozi cha mzee. Akamtazama mama yake kama mtu anayeaga, akafumba macho.

Walimzika kando ya majani chai. Pasta alisema ni nimonia, na watu wakaitikia amina upesi upesi. Moureen alipelekwa kwa shangazi yake Chepilat. Huko analala na soksi mikononi.

Kipkurui naye sasa hana maneno. Anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka, na ukimsalimia anakuinulia kichwa tu. Lakini kabla ya chakula lazima mtu anawe, na anayemwagia maji ni Rodah. Mume anakunja shati. Pale kifundoni mwa mkono ngozi imekunjamana, ina madoa meusi ya uzee na vinyweleo vyeupe, kwa umbo la vidole vitano vidogo.

Rodah humwagia polepole, ili aone vizuri.

Jana vidole vilikuwa vimefika kwenye kiwiko.