Digrii Tatu na Nusu

Solmaz Behruzi alikutana na Elyar kwenye soko la spea mjini Tabriz, Alhamisi moja ambayo hata pa kutia mguu hapakuwapo. Alivaa koti refu la rangi ya komamanga na mtandio wa kijani, na gasketi aliyoishika alikuwa akiigeuzageuza bila kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kijana mrefu mwenye ovaroli la bluu akamchungulia begani.

"Dada, hiyo ya trekta. Ukiifunga kwenye injini yako itakutemea maji usoni."

"Injini yangu umeijuaje wewe?"

"Sijaijua. Ndiyo nataka kuijua."

Solmaz akacheka bila kupenda. Akamweleza kuwa anasomea shahada ya uzamili, na ana injini ya dizeli ya silinda moja anayoipima chuoni: katika joto lote la mafuta yanayoungua, kiasi gani kinageuka kazi, na kiasi gani kinaishia kwenye moshi na maji ya kupoozea. Elyar, fundi wa karakana ya Mzee Heydar, alikuwa akiyajua hayo kwa mikono yake. Yeye ndiye aliyemkerezea kichwa cha silinda ili hewa ibanwe zaidi, ujazo wa kumi na saba ubaki mmoja. Miezi minne baadaye simu zao zilikuwa haziishi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe, umeoga?"

"Dizeli ni manukato, basi tu hujazoea."

Walikubaliana kwamba Solmaz akishatetea tasnifu yake, wazazi wa Elyar walete posa.

Kisha majibu ya vipimo yakatoka. Daktari Rostami, msimamizi wake, alitandaza mchoro mezani. Mstari ulipanda hewa ilipobanwa, ukaruka mafuta yalipowaka, ukateremka gesi ilipotanuka, ukarudi ulikoanzia. Eneo lililozungukwa na mstari huo ndilo kazi iliyotoka katika mzunguko mmoja. Lilikuwa kubwa mno.

"Asilimia sitini na tatu ya joto imegeuka kazi," alisema Daktari, akavua miwani. "Injini ya vitabuni, isiyopoteza joto hata chembe, kwa mbano huu inaishia sitini. Hii yako inayovuja joto kila upande imeipita? Binti, ama umepika namba, ama fundi wako hakufuata kipimo. Jopo la tasnifu yako linakaa Jumatano. Nataka maelezo leo."

Miaka sita ya masomo, halafu aitwe mpika namba! Solmaz akachukua kalamu, akaandika kwamba karakana ilikereza kupita kipimo. Daktari akaituma karatasi hiyo kwa Mzee Heydar siku ileile. Kabla ya adhuhuri Elyar alikuwa ameshafukuzwa, mbele ya mafundi wenzake wote.

Simu ililia.

"Solmaz, umeandika nini?"

"Namba zinaonyesha ulikereza kupita kiasi."

"Nilipima mara tatu. Ungeniuliza."

"Daktari alikuwa amenisimamia, Elyar! Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza," alirudia kwa sauti ya chini, akakata.

Baada ya hapo hakupokea tena. Solmaz alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga akiwa amejifungia bafuni ili mama yake asisikie kilio. Supu aliyowekewa mezani ilipoa. Alitaka kuamini kwamba Elyar ndiye mkosaji, maana kama si yeye, basi yeye Solmaz alikuwa amefanya jambo lisilosemeka.

Jumanne asubuhi alikwenda maabara kutafuta ushahidi. Akaifunga injini kwenye mota ya umeme, akaizungusha bila tone la mafuta, akatazama kompyuta. Mchoro ulionyesha kwamba injini isiyolishwa chochote ilikuwa inatoa kazi! Tena shinikizo lilifika kileleni wakati pistoni imeshaanza kushuka. Hewa tupu haiwezi kufanya hivyo. Inabanwa, inapoteza joto kidogo kwenye kuta za silinda, na shinikizo lake linaanza kulegea hata kabla pistoni haijafika juu.

Basi shinikizo lilisomwa sawa. Kompyuta ilikuwa imedanganywa kuhusu mahali pistoni ilipo.

Alipitisha kipimo kwenye tundu la nozeli, inapopulizwa dizeli, akaitafuta pistoni mpaka mwisho wake wa juu kabisa, halafu akaangalia alama kwenye gurudumu la injini, ile inayoiambia kompyuta pistoni imefika juu. Ilikuwa imepotoka kwa digrii tatu na nusu. Alama hiyo aliibandika yeye mwenyewe, alasiri moja, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, akicheka na Elyar.

Akasahihisha hesabu. Asilimia arobaini na sita. Namba ya kawaida kabisa.

Alikimbia mpaka karakana. "Mzee Heydar, kosa ni langu. Elyar hakukosea hata kwa unywele!"

Mzee aliendelea kufuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. "Yuko stendi," alisema hatimaye. "Kapata kazi kwenye mashine za meli, huko Bandar Abbas. Basi la saa sita. Mwambie... mwambie nimesikia kwamba hakukosea."

Alimkuta kwenye foleni, shati jeupe, ndevu hazijanyolewa siku kadhaa.

"Alama ilikuwa imepinda. Niliibandika mimi," Solmaz alisema akihema. "Kesho nitaliambia jopo. Wataniahirisha mwaka mzima, na waniahirishe."

"Siondoki kwa sababu ya namba."

"Najua."

"Hukuniuliza, Solmaz."

"Nakuuliza sasa."

"Unaniuliza nini?"

"Utanioa?"

Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja mwenye chupa ya chai akasema, "Mjibu mwenzio, kijana, basi linaondoka!"

Elyar akamgeukia Solmaz. "Nimeshasaini mkataba. Miezi kumi na minane."

"Sikukuuliza miezi."

Elyar akachukua simu mkononi mwa Solmaz, akampigia baba yake Solmaz. "Shikamoo, Haji. Ni Elyar. Niko stendi, nina dakika nne, naomba kumposa binti yako."

Sauti nzito ikasikika hata kwa Solmaz: "Binti yangu haposwi stendi kama tiketi. Njoo leo alasiri na wazazi wako. Na unyoe."

Elyar akalipiga basi ubavuni kwa kiganja. "Kondakta! Nitolee begi langu!"

Jumatano asubuhi jopo lilimwahirisha Solmaz mwaka mmoja, kama alivyotarajia. Saa sita Elyar akapanda basi la kwenda Bandar Abbas. Walishikana mikono dirishani mpaka dereva akapiga honi, na hakuna aliyefanya utani. Basi lilipokata kona Solmaz alibaki amesimama, pete ya posa ya jana kidoleni, uso umelowa machozi, kisha akashika njia ya maabara kuanza kupima upya.