Siti Sita Kati Yangu na Baba Mkwe

"Familia ikae pamoja!" Paola alisema kwa Kiingereza, akanishika kiwiko na kunisukuma taratibu hadi siti ya mbele, pembeni ya baba mkwe wangu.

Mzee akageukia dirishani na kushusha kofia usoni. Mimi nikageukia upande wa pili, tukapeana migongo kwenye maegesho ya Venisi kama watu waliogombania mpaka wa shamba.

"Danford!" niliita. "Mwambie huyu dada aniachie!"

Danford ni katibu wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, na ndiye peke yake aliyekuwa na Kiingereza cha kueleweka. Alikuja mbio.

"Paola, hawa hawakai pamoja."

"Wamegombana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

"Sasa watu wanaoheshimiana si ndio wakae pamoja?"

"Labda huku kwenu."

Paola, kiongozi wetu wa safari, alitutazama mmoja mmoja kama mwalimu aliyepewa darasa la watoto wagumu. Kisha akaniachia. Nikarudi siti yangu ya nyuma, pembeni ya dada Atupele, mjane anayelima kahawa jirani na wakwe zangu. Kati yangu na mzee zikabaki siti sita.

Niwaeleze, maana najua mtauliza. Mimi ni Roda, mzaliwa wa kijiji cha Ruanda, wilaya ya Mbozi. Niliolewa na Ipyana wa milima ya Ileje. Kwetu mambo haya yamelegea kidogo, lakini kwa watu wa Ipyana mkamwana hamtazami baba mkwe, haongei naye, hampi kitu mkononi wala hatamki jina lake. Miaka tisa sijalitamka, na hata hapa siliandiki. Yeye naye hajawahi kuniita. Akiwa na neno, analituma kwa mtu.

Mwaka huo wanunuzi wa kahawa yetu walitualika watu kumi na wanane tuzunguke na basi kusini mwa Ulaya siku kumi, tuone wanaokunywa jasho letu. Ipyana si mkulima. Ni ajenti wa mizigo pale mpakani Tunduma, na kwa kuwa makaratasi ndiyo chakula chake, ndiye aliyesaidia chama kushughulikia pasi na viza. Akaandika majina ya kwetu matatu: lake, langu na la baba yake. Siku mbili kabla ya safari akanikalisha kitandani.

"Mimi sitakuja. Baba ameniambia nibaki, nisimamie mavuno yake."

"Baba mwenyewe kasema?"

"Mwenyewe. Ila usilipeleke kokote, atajisikia vibaya. Wewe nenda ukapumzike, mke wangu."

Mke wangu! Neno hilo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake mwaka mzima. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Lakini mimi nilishamaliza kulia mwaka juzi, alipoanza kurudi usiku ameshiba, akilala na uso ukutani. Tangu hapo nikawa napika, nafua, natabasamu kanisani, na ndani sisikii kitu. Nilipanda ndege na swali moja tu: nikirudi Tunduma, bado nina mume?

Safari ilikuwa ya polepole mno. Basi likienda saa moja, linasimama tunywe kahawa. Vikombe vyenyewe vya mwanasesere, funda moja kimeisha, halafu wanakutazama kama umemaliza kazi kubwa.

"Tunalima miezi tisa, mtu anameza mara moja," Atupele alilalamika.

Tuliona makanisa yenye dari za dhahabu, sanamu za watu walio uchi, mizeituni imepangwa mistari kama mahindi. Wenzangu walipiga picha mpaka simu zikapata moto. Mimi nilitazama kila kitu kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Jioni Ipyana alipiga.

"Mnafaidi huko?"

"Tunafaidi."

"Na Baba mmeongea lolote?"

"Tangu lini mimi na baba yako tukaongea?"

"Nilikuwa nauliza tu." Akacheka, akakata.

Siku ya tano tulikuwa barabarani kuelekea Siena. Dereva anapiga mluzi, Paola anaelezea mvinyo kwenye kipaza sauti, mimi namenya chungwa. Simu ya mzee ikaita. Mzee masikio yamepungua nguvu, kwa hiyo simu zake zote huzisikiliza kwa spika. Alikuwa baba mdogo Wiliam, ndugu yake wa Ileje.

"Kaka! Unanisikia?"

"Nakusikia, Wiliam. Sema."

"Lile uliloturuhusu tumelimaliza. Ng'ombe wamepokelewa kwa kina Jenista. Binti anaingia nyumbani kwa Ipyana Jumamosi!"

Mzee akaanza kuhangaika na kitufe. Badala ya kupunguza sauti, akaiongeza.

"Na yule wa kwanza usiwe na wasiwasi, Kaka! Ipyana kasema vyombo vyake vinafungwa leo, vinapelekwa kwao Ruanda kabla hajarudi!"

Simu ikazimwa. Watu wote walikuwa wanatazama magoti yao. Nilingoja moyo wangu ushtuke, haukushtuka. Nikaendelea kumenya chungwa.

"Roda," Atupele alininong'oneza. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jenista ni yule wa duka la vitenge?"

"Ndiye huyo."

"Sasa lia basi, mdogo wangu. Usikae hivyo, unanitisha."

"Sina cha kulia, dada. Nenda tu kamuulize mzee nimekosa nini, mpaka akaruhusu nifukuzwe."

Atupele akainuka, akashika siti moja moja mpaka mbele.

"Mzee, shikamoo. Mkamwana wako anauliza amekosa nini mpaka ukaruhusu aachwe."

Mzee akajibu akitazama dirishani, sauti ikafika kwangu yote.

"Mwambie, si mwenyewe ndiye aliyeomba? Ipyana alinijia mwezi wa tatu. Akasema Roda amechoka na ndoa, anataka kurudi kwao kwa amani, ila anaona haya kusema. Nikasema kama mwenyewe ameomba, mimi siwezi kumfunga mtoto wa watu. Nikamruhusu aoe."

Atupele akarudi. Kila mtu alikuwa amesikia, lakini heshima ni heshima, ujumbe lazima ufikishwe.

"Anasema uliomba mwenyewe."

"Mwambie sijawahi kuomba. Mwambie pia nilijua ni yeye aliyemzuia Ipyana asisafiri, ili asimamie mavuno."

Akaenda tena, huku Paola akimpigia kelele kwenye kipaza sauti akae chini.

"Mzee, anasema hajawahi kuomba. Na eti wewe ndiye uliyemzuia Ipyana kuja."

"Mimi? Niliambiwa Roda ndiye hataki kusafiri naye! Kwamba hataki hata kumwona!"

Atupele akageuka kuniletea hilo nalo. Basi likakata kona, akaangukia mapajani kwa Danford.

"Mimi nimechoka!" alifoka akiwa huko huko. "Miguu yangu si waya wa simu!"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mzee ndiye aliyesimama. Akavua kofia, akageuka, akanitazama usoni.

"Roda."

Jina hilo likanichoma. Ndicho kitu cha kwanza kukisikia tangu tuondoke nyumbani.

"Abee, Baba."

"Mwanangu alijua mimi na wewe hatuongei. Akaniletea uongo wake mimi, na wewe akakupa wako. Akajua uongo huo hautakutana hata akitupandisha basi moja."

"Ndivyo alivyofanya, Baba."

Akaanza kuja nyuma. Danford akanyoosha mkono kumzuia.

"Mzee, na mila je?"

"Mila ni ya kumheshimu huyu binti. Ipyana ameifanya kichaka cha kujificha. Nipishe." Akafika, akakaa siti ya Atupele. Paola huko mbele akapiga makofi, akafurahi kweli kweli kwamba familia imekaa pamoja.

Mzee akampigia Ipyana, spika wazi kama kawaida yake.

"Baba! Shikamoo. Mmefika wapi?"

"Marahaba. Tupo njiani. Wiliam kanipigia, kaniambia mambo yameiva."

"Yameiva, Baba. Asante kwa baraka zako."

"Mimi nina wasiwasi kidogo, mwanangu. Una hakika huyu Roda aliomba mwenyewe?"

"Baba, kwa Mungu! Alinipigia magoti. Alisema, Ipyana niache niende, nimechoka. Mimi ndiye niliyekuwa namshikilia. Nililia, Baba."

"Ulilia?"

"Nililia kama mtoto. Tena nisiseme mengi, kuna hata mwanaume anayemtaka. Sikutaka tu kukuvunja moyo."

"Nikimuuliza mwenyewe je?"

Ipyana akacheka. "Utamuulizaje, Baba? Mkweo huyo."

Mzee akanisogezea simu mdomoni.

"Roda, mjibu."

"Ipyana," nilisema. "Mwanaume huyo anaitwa nani? Nitajie, maana mimi simjui."

Kule Tunduma tukasikia honi za malori, kisha akakata. Mzee akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka juu ya kofia aliyoipakata. Nilimpa nusu ya chungwa, mkononi kwake, naye akapokea.

Jioni ile ujumbe ulianza kumiminika.

"Mke wangu nisamehe. Shetani alinipitia."

"Roda pokea simu. Jenista nimemwambia basi."

"Mfikirie mtoto wetu Angel."

Angel ana miaka saba, nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu Ruanda. Nilimfikiria. Kisha nikajibu mara moja tu: "Vyombo vyangu umeshavifunga?"

"Nilivifunga lakini nitavifungua sasa hivi!!"

"Viache hivyo hivyo."

Siku ya tisa, Roma. Tulikaa kwenye benchi mimi na mzee, nafasi ya mtu mmoja kati yetu, maana mazoea hayafi kwa siku moja. Watalii walikuwa wanarusha sarafu kwenye chemchemi.

"Nimempigia Wiliam, amewarudisha ng'ombe kwetu," alisema. "Wazazi wa Jenista nimewaomba radhi. Binti mwenyewe kumbe aliambiwa wewe ulishaondoka zamani."

"Ahsante, Baba."

"Ipyana ananipigia kila saa. Anasema anakutaka. Mimi ni baba yake, Roda. Ningependa niseme msamehe, rudi. Lakini sikuchagulii. Unarudi kwake?"

Nilijipekua ndani kwa uaminifu wote. Nilitafuta hasira, maana ndoa yenye hasira bado ina mapenzi kidogo. Nilitafuta wivu. Nilikumbuka hata siku aliyonivisha pete.

"Baba, nikimfikiria sisikii kitu. Ningekuwa na hasira ningerudi nikagombane naye. Sina."

"Basi hilo ni jibu."

"Naomba unisamehe."

"Wewe usiniombe msamaha hata mara moja. Mwanamke akirudi kwao peke yake na vyombo, watu husema kakosa. Nitakurudisha mwenyewe, mchana kweupe. Nitakaa mbele ya baba yako nimwambie kosa ni la kwetu."

Uwanja wa ndege wa Songwe, Ipyana alikuwa wa kwanza mlangoni. Shati jipya, maua ya plastiki mkononi, gari limeoshwa. Alipotuona tunatoka mimi na baba yake tumeandamana, begi langu kalibeba mzee, maua yakamshuka mpaka pajani.

"Shikamoo, Baba. Roda, karibu nyumbani, mke wangu."

"Fungua buti," mzee alisema.

Akafungua. Mzee akapakia mabegi, akafungua mlango wa nyuma, nikaingia. Akaja akakaa pembeni yangu. Siti ya mbele ikabaki tupu na maua yake.

"Tunaenda moja kwa moja Tunduma?" Ipyana aliuliza, akijaribu kuchangamka. "Nimepanga upya nyumba yote. Vyombo vipo kabatini."

"Tunaenda Ruanda," mzee alisema.

"Kumchukua Angel?"

"Kumrudisha Roda kwa wazazi wake. Wewe ndiye uliyemtoa pale, wewe ndiye utakayeendesha."

"Baba, tafadhali..."

"Washa gari, Ipyana."

Akawasha. Malori yalitupita yakielekea mpakani, na kila mara macho yake yalikuja kwenye kioo cha juu kunitafuta. Mashamba ya kahawa ya kwetu yalipoanza kuonekana, alikuwa analia waziwazi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unapangusa pua.

"Roda, nitukane basi. Nipige hata makofi. Sema chochote."

Nilimtazama kwenye kioo. Nilimwonea huruma kidogo, kama unavyomwonea mtu usiyemjua akiwa analia njiani.

"Kata kushoto," nilimwambia. "Tumefika."