Maneno Ambayo Peck Hakuyasema

Kila Jumatano baada ya shule, Drusilla Wickett alivaa aproni na kupanga herufi za madini ya risasi za kuchapia gazeti la baba yake, kwenye mji mdogo wa Harlan Ford, Illinois, Marekani, enzi za utumwa. Jumatano hiyo mikono ilikuwa mizito.

Jana yake wakulima walikuwa wamefurika uwanjani kusikiliza mdahalo wa wagombea wawili wa Bunge. Walisimama juani mchana kutwa, wakitafuna kuku na kuzomeana. Mmoja wao, Lyman Peck, alisema mtu hauzwi kama ng'ombe, basi. Lakini karatasi ambayo baba alimpa Drusilla aipange ilisema: "Peck aahidi kuwapa weusi mashamba ya wazungu."

"Baba, mbona hakusema hivyo? Nilikuwepo!"

"Ulikuwa unakula keki wewe. Panga herufi."

"Lakini baba..."

"Drusilla! Peck akimshinda mgombea wetu, gazeti hili linakufa. Utakula ukweli?"

Akapanga.

Ijumaa gazeti likasomwa kwa sauti dukani. Hata waliokuwa uwanjani wakadhani hawakusikia vizuri kwa zile kelele, na watu wakapandwa na mori. Peck alikwisha kwenda zake, basi hasira zikamwangukia aliyekuwa karibu: Enos Fairley, mhunzi mweusi, mtu huru, aliyewatengenezea viatu farasi wa nusu ya mji. Wakamvunjia madirisha, wakachoma karakana yake. Jiwe moja likampasua kipaji cha uso binti yake Keziah, aliyekuwa rafiki wa Drusilla.

Drusilla alipoiona damu, alikimbia hadi dukani, akapanda juu ya pipa.

"Peck hakusema! Tumeyatunga sisi! Mimi ndiye niliyeyapanga maneno yale!"

Macho yote yakamgeukia baba yake, aliyekuwa mle dukani. Akainamisha kichwa.

Toleo lililofuata lilichapisha maneno halisi ya Peck na kuomba radhi. Mawe yakakoma. Hata hivyo, hakuna aliyekwenda kumsaidia Enos kuinua hata nguzo moja.

Drusilla alimkuta akipakia nyundo zake kwenye gari la farasi, tayari kuhama mji.

"Bwana Enos, nisamehe. Nimewaambia ukweli."

"Nimesikia, binti. Umefanya la maana, na si dogo." Enos alikaza kamba. "Ila umeuleta juu ya majivu. Siku nyingine ukijua neno ni la uongo, likatae lingali mkononi mwako. Likishatoka, halirudi, na anayelilipia si wewe."

Drusilla akamwita Keziah. Keziah, kitambaa kichwani, hakugeuka.